Kiti Hakikuwa cha Bwana Diggs

Yako maneno yasemwayo sana katika mikutano na kwenye milango ya viwanda, nayo ni haya: kwamba mtu aliyewatumikia wananchi miaka mingi, akapigana nao na kuumia nao, hana haja tena ya kuulizwa hesabu. Kumwuliza, husemwa, ni kumvunjia heshima, tena ni utovu wa shukrani. Sisi twaona kwamba maneno hayo, ijapokuwa hutoka katika moyo mwema, yana hatari kubwa. Ili yapimwe sawasawa, leo twataka kueleza habari za mtu mmoja aliyekaa katika baraza la jimbo lake, na kisha katika bunge la taifa lake, kwa muda wa karibu miaka 30. Hakuwa mtu wa nchi yetu. Lakini alikuwa rafiki wa kweli wa Afrika, na kwa sababu hiyo kuanguka kwake kwatuhusu.

Mtu huyo ni Charles Diggs wa Detroit, katika jimbo la Michigan, nchi ya Marekani.

Detroit ni mji uliojulikana ulimwenguni kwa viwanda vya magari. Maelfu ya watu weusi walihama kutoka majimbo ya Kusini, wakikimbia dhuluma na umaskini wa mashambani, wakaenda huko kutafuta kazi. Baba yake, aliyeitwa Charles Diggs vilevile, alitoka Mississippi akafungua shughuli ya maziko, maana hiyo ilikuwa miongoni mwa biashara chache ambazo mtu mweusi aliweza kuziendesha bila kutegemea wateja wazungu. Mwaka 1936 mzee huyo alichaguliwa kuingia katika Baraza la Senati la jimbo, na humo akapigania sheria ya kuwakataza wenye mahoteli na maduka kuwabagua watu kwa rangi. Sheria hiyo iliitwa kwa jina lake. Baadaye alihukumiwa kwa kosa la rushwa, akafungwa. Alipotoka, wapiga kura wake walimchagua tena mwaka 1950, lakini Senati ikakataa kumpa kiti. Hapo watu wakamchagua mwanawe. Kijana alikuwa na umri wa miaka 28.

Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka 1954 Bwana Diggs alisimama dhidi ya mjumbe mzungu wa chama chake mwenyewe, chama cha Democratic, akamshinda. Januari 1955 aliapishwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kutoka Michigan kuingia humo. Wakati huo wajumbe weusi katika bunge lote la nchi ile kubwa walikuwa 3 tu, naye ni mmojawapo.

Hata mwaka haujaisha, alipata mtihani wake wa kwanza. Agosti 1955 mtoto mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa huko Mississippi. Wazungu wawili walishtakiwa katika mji mdogo wa Sumner. Bwana Diggs alisafiri mpaka huko, akaketi katika meza ndogo waliyotengewa waandishi wa magazeti ya watu weusi, akasikiliza kesi. Hakuwa na mamlaka yoyote katika jimbo lile, na usalama wake haukuwa na hakika. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, liliwaachilia washtakiwa baada ya mashauri ya muda wa saa moja hivi. Lakini watu weusi wa Kusini, ambao wengi wao walizuiwa hata kupiga kura, waliona kwa macho yao kwamba mbunge mweusi yupo, na kwamba amekuja.

Kwa Afrika vilevile alikuja mapema. Machi 1957 alikuwapo Accra siku Ghana ilipojitawala. Desemba 1958 alirudi Accra katika Mkutano wa Watu wa Afrika Yote, ule ambao mwenyekiti wake alikuwa Tom Mboya wa Kenya. Mwaka 1969 alipewa uenyekiti wa kamati ndogo ya Baraza ishughulikayo na mambo ya Afrika. Kabla yake kamati ile haikuwa na kishindo. Yeye aliifanya kuwa mahali pa kuwauliza wakubwa maswali. Aliwataka wenye makampuni ya Kimarekani yaliyokuwa Afrika Kusini waeleze jinsi walivyowatendea na kuwalipa wafanyakazi weusi. Mwaka 1971, bunge lilipotunga sheria ya kuruhusu madini ya kromu kutoka Rhodesia licha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, alikuwa miongoni mwa walioipinga, na vita hivyo havikuisha mpaka ruhusa hiyo ilipofutwa mwaka 1977.

Liko tendo moja la mwaka huohuo wa 1971 ambalo wasomaji wetu hawana budi kulijua. Bwana Diggs alikuwa mmoja wa wajumbe wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Desemba serikali yake iliafikiana na Ureno: Marekani itaendelea kukitumia kituo cha kijeshi cha visiwa vya Azores, na Ureno itapata mikopo na misaada mingi. Ureno hiyo ndiyo iliyokuwa ikipigana vita Angola, Guinea na Msumbiji. Frelimo, ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam, ilikuwa vitani tangu 1964. Bwana Diggs aliona kwamba kila dola iliyokwenda Lisbon iliipunguzia Ureno mzigo wa vita hivyo. Akajiuzulu ujumbe wake mbele ya ulimwengu. Ni wanasiasa wachache waliopata kukiacha cheo kwa ajili ya watu wasiowapigia kura.

Nyumbani pia hakulala. Mwaka 1971 wajumbe weusi wa bunge waliunda umoja wao, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alipoongoza kamati iliyousimamia mji wa Washington, ambao wengi wa wakazi wake walikuwa weusi, ilipitishwa mwaka 1973 sheria ya kuwapa madaraka ya kujitawala, nao wakachagua meya na baraza lao mwaka 1974, jambo ambalo halikuwa limetendeka kwa karibu miaka 100.

Tumeyaeleza hayo kwa kirefu kwa makusudi. Hatutaki mtu aseme kwamba tunamzungumzia mwizi wa kawaida.

Basi ni nini kilichotokea? Katika miaka ya 1970 Bwana Diggs alibanwa na madeni. Akabuni njia. Mishahara ya baadhi ya makarani wa ofisi yake ya bunge iliongezwa kupita kiwango chao, na ile ziada ikatumika kulipia gharama zake mwenyewe. Tena walikuwako watu waliolipwa mshahara wa bunge hali kazi waliyofanya ilikuwa ya kampuni yake ya maziko. Yeye alijitetea kwamba gharama zile zilihusu kazi ya uwakilishi. Baraza la wazee wa mahakama huko Washington halikukubali. Oktoba 1978 alipatikana na hatia katika mashtaka yote 29, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 3.

Mwezi huohuo wa Novemba 1978, hali ameshapatikana na hatia, wapiga kura wa Detroit walimrudisha bungeni.

Julai 31, 1979, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kumkaripia hadharani. Waliokubali walikuwa 414. Aliyekataa hakuwako hata mmoja. Tangu mwaka 1921 Baraza lilikuwa halijampa mjumbe yeyote adhabu hiyo. Aliitwa mbele ya wenzake, Spika akamsomea karipio. Alikubali kurudisha dola 40,031 na senti 66. Juni 1980, Mahakama Kuu ya nchi ilipokataa kuisikiliza rufani yake, alijiuzulu, akaenda kifungoni. Alipotoka alirudia kazi ya maziko, akafariki Agosti 1998.

Je, wale watu wa Detroit waliompigia kura walikuwa wajinga? Sisi hatusemi hivyo. Walikuwa na kumbukumbu. Walikumbuka Sumner. Tena walikuwa wameona jinsi mahakama za nchi yao zilivyokuwa nyepesi kumfunga mweusi na nzito kumfunga mzungu, na hawakuwa tayari kuzisadiki upesi. Wengine walisema, ‘Wako wengi watendao hivyo, mbona ameandamwa yeye?’ Yawezekana swali hilo lilikuwa na haki ndani yake. Lakini halikuwa jibu. Mtu mwenye maadui wengi ndiye apaswaye zaidi kuchunga mikono yake, maana adui hangoji jambo kubwa. Hungoja kosa dogo tu, nalo likipatikana huliangusha jengo zima.

Kosa la watu wale, kwa maoni yetu, halikuwa la Novemba 1978. Lilikuwa la miaka mingi nyuma. Walikuwa wamemwona baba akifungwa kwa ajili ya fedha, nao wakamwitikia kwa kuirudishia nyumba yake kiti kilekile. Onyo walilipata, wakaligeuza kuwa huruma. Tangu hapo mwana akapewa kura kila baada ya miaka miwili, wala halikuwako tawi, chama cha wafanyakazi wala mkutano uliomkalisha na kumwambia kwa upole, ‘Ndugu, tuoneshe vitabu.’ Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa hazikumfanya mwizi. Lakini zilimwondolea watu wa kumwuliza, na mtu mwenye madeni asiyeulizwa yu katika majaribu makubwa.

Tazameni nani aliyepata hasara. Fedha ile ilipitishwa katika mishahara ya makarani wake, na yeye ndiye aliyekuwa akiwataka wenye makampuni wajibu juu ya mishahara ya wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini. Mtu wa namna hiyo ataulizaje tena? Mwaka 1986 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini, ikashinda hata pingamizi la Rais Reagan. Shamba lile Bwana Diggs alilima tangu lilipokuwa pori. Siku ya mavuno hakuwamo. Kiti alichokalia hakikuwa mali yake peke yake. Kilikuwa cha mtambo wa magari wa Detroit, na kwa namna fulani kilikuwa cha mpigania uhuru wa Msumbiji pia. Hao wote walikipoteza kwa dola 40,000.

Kwa hiyo twasema hivi kwa wanachama na kwa wafanyakazi. Msiwaulize hesabu wale tu mnaowachukia, maana huo si uangalizi, ni ugomvi. Waulizeni kwanza wale mnaowapenda, na waulizeni wakati bado mikono yao ni safi, ili ibaki safi. Kila tawi na liwe na siku yake katika mwaka ambapo mjumbe husimama, akaeleza alilipwa nini, aliajiri nani, na nani alifanya kazi gani. Mjumbe mwema hataona haya. Na akiwa na deni, aseme mapema mbele ya wenzake. Afadhali aibu ya deni kuliko aibu ya karipio.

Shukrani ni wajibu wetu kwa waliotutumikia. Hesabu ni wajibu wao kwetu. La kwanza haliondoi la pili.