Gari Lisilo na Dereva na Mtu Asiye na Jina

Wapo wanaoshikilia kwamba gari linalojiendesha ni salama kuliko dereva binadamu, na hoja yao haipuuziki. Mashine hailewi wala haisinzii. Takwimu zilizochapishwa na kampuni ya Waymo kuhusu magari yake huko Marekani zinaonyesha ajali chache za majeruhi kuliko zile za madereva wa kawaida. Ingawa, bila shaka, mwamba ngoma huvutia kwake.

Hata hivyo, na litazamwe tukio la Tempe, Arizona, usiku wa tarehe 18 Machi 2018. Gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Rada ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kilichokosekana ni jina: mara alikuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Wachunguzi walibaini kwamba mfumo ule haukubuniwa kumzingatia mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Hakuwamo katika msamiati wake. Naye mwangalizi aliyeketi usukanini, aliyepaswa kuziba pengo hilo, alikuwa ameshughulishwa na simu. (Binadamu naye!)

Dereva mlevi angechelewa kufunga breki, lakini angejua kwamba aliye mbele yake ni mtu. Ndiyo maana hesabu ya ajali haitoshi. Kabla ya gari kama hilo kupewa kibali, waliolibuni wadaiwe waonyeshe hadharani limefunzwa kuwatambua watu gani, na katika barabara za namna gani.