Tanga la Pwani katika Ziwa la Homa Bay

Sisi watu wa pwani tukizungumzia mashindano ya vyombo, midomo yetu haitoki Lamu. Tukienda mbali sana tutafika Unguja kwenye resi za ngalawa, kisha tutarudi nyumbani. Bara, kwa fikira zetu, ni kwa mahindi na ng'ombe. Leo nasema, kwa idhini ya msomaji, kwamba Homa Bay na bandari ndogo za Migori zina haki ya kutiwa katika hesabu hiyo, na kwamba tuna udugu nazo ambao wengi wetu hatuujui.

Nenda Mbita, ama Muhuru, wakati wa alasiri mashua za wavuvi zinaporejea. Utaona tanga la pembe tatu juu ya foromali, mfano wa lile la Matondoni. Chombo chenyewe si chetu. Ni chembamba, omo yake imechongoka, na asili yake ni mitumbwi ya visiwa vya Ssese huko Uganda, ambayo zamani mbao zake zilikuwa zikishonwa. Lakini tanga lilipanda na misafara kutoka huku kwetu. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara mmoja wa pwani, jina lake Songoro, alikuwa akiunda jahazi Ukerewe, naye akauawa huko huko mwezi wa Disemba 1877.

Kupiga kafi kwa kushindana nako si jambo geni ziwani. Stanley alipofika Buganda mwaka 1875 alimkuta Kabaka Mutesa huko Usavara akijifurahisha na mbio za mitumbwi yake ya vita. Na wazee wa Abasuba wa Rusinga na Mfangano wasema jadi zao walivuka maji kwa mitumbwi kutoka upande huo huo wa Uganda. Basi kafi limetoka magharibi, tanga limetoka mashariki, na vyote viwili vimekutana hapo Mbita.

Kisiwani Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, lipo tamasha la utamaduni la mwezi wa Disemba ambalo mbio za mashua ni sehemu yake. Ni jambo la kupongezwa. Ila nina neno. Mbio za kafi humpendeza mtazamaji: nguvu, kelele, dakika chache, zimekwisha. Mbio za tanga ni elimu, na elimu hiyo yaondoka. Mvuvi wa ziwa alijua kutoka alfajiri kwa umande unaovuma toka nchi kavu, na kurudi mchana kwa upepo wa ziwani. Sisi twangoja miezi kaskazi igeuke kusi. Yeye pepo zake mbili huja kila siku. Kijana aliyekulia kwenye mashine hana haja ya kujua hayo, mpaka siku petroli itakapomwishia katikati ya maji.

Huku Lamu pia mashine zimeshika kazi. Lililolihifadhi tanga, kwa maoni yangu, ni Maulidi. Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu hakuwa mtu wa mzaha, na fimbo yake naikumbuka hadi leo. Lakini siku ya mashua hata yeye alikuwa ufukweni, kanzu kaikunja. Vijana hukaa juu ya ubao uliotokezwa upande wa joshi ili chombo kisipinduke, na nahodha asiyejua kupiga bisho huaibika mbele ya mji mzima. Kijiji kinachotaka heshima hiyo hakina budi kufunza watoto wake. Sijaona semina iliyofanya kazi kama hiyo.

Kwa hiyo nawashauri wenzetu wa ziwani: kila penye resi, pawe na resi ya tanga, na iwe kwa mashua zile zile za kuvulia, si vyombo vilivyopakwa rangi kwa ajili ya wageni. Mahali nako kuna maneno yake. Mji wa Migori uko kwenye barabara ya Isebania, hauna ziwa. Maji yako Muhuru na Karungu, basi resi ziende huko, hata kama viti vya wakubwa vitaingia mchanga. Homa Bay imekwisha onyesha kwamba yaweza kupokea watu, maana Madaraka ya mwaka 2025 ilifanyika huko, na mada yake ilikuwa uchumi wa maji. Sherehe yenyewe ilikuwa juu ya nyasi za uwanja wa mpira! Tena hapo pana gugu maji, ambalo upepo wa usiku mmoja waweza kulijaza ghuba. Waandalizi waweke mahali pa pili tayari.

Zawadi itoke kwa serikali ya kaunti au kwa tajiri mwenye nia njema, isitokane na fedha za washindani wenyewe, kwani hiyo ni kamari, na Waislamu wa Kendu Bay watajitoa. Hao ni watu wenye msikiti wa tangu zamani, nao sidhani watashindwa kuwalaza manahodha watano sita kutoka Lamu. Mashua hazina haja ya kupakiwa kwenye lori: kila mgeni apewe chombo cha mwenyeji wake. Kisha Maulidi ifikapo, wao waje Lamu, nasi tuwape vyetu.