Lamu ilitajwa The Hague, wavuvi wake hawakuwepo

Julai nilikuwa The Hague, Uholanzi, kwa masomo ya kiangazi ya sheria za kimataifa kwenye Kasri la Amani. Masomo hayo yalianza 1923. Hapo hapo kasrini ndipo inapokaa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile iliyochora mpaka wa bahari baina yetu na Somalia tarehe 12 Oktoba 2021.

Niliondoka Lamu nikiamini tulivyoambiwa, kwamba Kenya ilionewa. Alasiri moja nikaingia maktabani nikaisoma hukumu yenyewe, yote.

Hoja kubwa ya Kenya ilikuwa kwamba tangu 1979 ilitangaza mpaka unaofuata mstari wa latitudo, na Somalia ikanyamaza. Kunyamaza ni kukubali, kama mwari anapoulizwa posa. Mahakama haikuafiki. Ilitaka ushahidi wa wazi na thabiti, ikaona haupo, tena ikakumbuka kwamba kuanzia 1991 hadi 2005 Somalia ilikuwa vitani, haina serikali kamili ya kujibu barua za mtu.

Lakini paliponiuma ni pengine. Kenya ilidai mstari wa Somalia utawanyima watu wetu samaki wanaowategemea. Majaji wakajibu kwamba kwa ushahidi uliokuwa mbele yao hawakuona madhara makubwa hivyo, kwa kuwa sehemu kuu za uvuvi, zikiwemo za visiwa vya Lamu, mstari hauzigusi. Nilisoma jina la Lamu mara mbili tatu. Mvuvi yeyote wa Kiunga au Kizingitini angewaeleza kwamba samaki hawakai mahali pamoja, na kwamba kusi na kaskazi ndizo zinazompangia aende wapi. Nani alimwuliza? Vikao vya Machi 2021 vilipofika, Kenya yenyewe ilijitoa. Maandishi yake yalibaki mezani bila wa kuyasemea.

Siitetei hukumu. Hata hivyo si kweli kwamba tulinyang'anywa kila kitu: majaji waliusogeza mstari kiasi kwa faida yetu, kwa sababu pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania ikitazamwa pamoja inaingia ndani, na Kenya ikabanwa katikati. Hilo sikulisikia kwenye mkutano wowote wa siasa hapa kwetu.

Darasani mimi pekee ndiye niliyetoka kisiwani Lamu. Wengi wetu hawajui kama masomo haya yapo, wala kwamba kuna ufadhili wa kuombwa mapema.

Niliporudi, ami yangu, mvuvi wa miaka mingi, aliniuliza, "Mwanangu, nikitupa jarife kule juu ya Kiunga nikakamatwa, nionyeshe karatasi ya nani?" Nikamwambia, "Ami, mahakama imechora mstari, na Rais Uhuru Kenyatta alisema Kenya haiutambui." Akacheka, akarudi kushona nyavu zake.