Msichomoe waya wa trela, dizeli haipotelei huko

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, wenye malori hapa Mombasa huanza upya kutafuta pa kubania dizeli. Siku hizi lawama zimeufikia hata mfumo wa kielektroniki unaoizuia trela isipinduke. Gerejini utaambiwa "unakula mafuta" na kwamba dawa yake ni kuchomoa waya. Dai hilo halina msingi, na kwa mizigo inayobebwa katika barabara yetu ya kuelekea Malaba, linaweza kuua.

Tuanze na kazi ya mfumo wenyewe. Sensa zilizo kwenye magurudumu hupima mwendo wake, na nyingine hupima jinsi trela inavyovutwa upande mmoja kwenye kona. Kompyuta ndogo iliyofungwa chini ya trela ikiona gari linaelekea kubingirika, hushika breki za trela hata kabla dereva hajakanyaga. Ulaya iliufanya kuwa lazima kwa malori na trela mpya, kwa awamu, kati ya 2011 na 2014. Ndiyo maana trela kuukuu kutoka huko zinaweza kuletwa zikiwa nao tayari.

Je, unakunywa kiasi gani? Hesabu hii mtu yeyote anaweza kuipiga. Tuukadirie kwa ukarimu, tuseme unatumia wati 50 bila kupumzika kwa safari ya saa 10 hadi Nairobi. Hiyo ni nusu yuniti ya umeme. Hata tukisema altaneta inapoteza nusu ya nguvu inayopewa, na injini inafaidi asilimia 40 tu ya dizeli, jumla yake ni kama robo lita. Robo lita, safari nzima! Sasa linganisha na mlima. Kulipandisha gari la tani 50 kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,600, kwa injini hiyo hiyo, kunataka lita 54 hivi, kabla hujahesabu upepo unaolipinga gari wala msuguano wa matairi. Anayechomoa waya ili aokoe mafuta anapigana na tone huku ndoo inavuja.

Lakini uvumi huu haukuzuka hivi hivi. Trela inaweza kweli kula mafuta kupitia breki. Breki isiyoachia vizuri humfanya dereva akanyage mafuta huku gurudumu likivutwa nyuma. Upepo wa breki ukivuja, kompresa hufanya kazi muda wote, na kompresa huzungushwa na injini. Taa ya onyo ikiwaka, fundi asiye na kompyuta ya kusoma kosa hulaumu kile asichokiona, anachomoa waya, na breki inaendelea kubana vile vile. Ni kweli pia kwamba mfumo ukishika breki gari hupoteza mwendo, na kuurudisha ni dizeli. Ila kama unashika mara kwa mara pale kwenye kona za Mazeras, tatizo ni mwendo wa dereva. Baadhi ya mifumo hii huweka hata kumbukumbu ya mara ilizoingilia kati, kwa hivyo tajiri anayetaka kujua gari lake linaendeshwaje angekuwa na pa kuangalia.

Kuna gharama nyingine ambayo haisemwi. Kwenye trela za kisasa, kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayopima uzito na kupunguza nguvu ya breki trela ikiwa tupu. Ukiikatia umeme, upepo bado unafika na trela inashika breki, lakini kwa nguvu ya trela iliyojaa. Malori yetu mengi hupanda na makontena yaliyojaa na kurudi Mombasa matupu, kwa kuwa bidhaa zinazoingia bandarini ni nyingi kuliko zinazotoka. Mvua ikinyesha Voi, dereva akakanyaga breki ghafla na trela tupu, magurudumu hujifunga na trela huteleza kuja ubavuni mwa kichwa. Ikisalimika, matairi yametoka vibapa, na bei ya tairi moja la lori haikaribiani na robo lita ya dizeli.

Anayeumia zaidi hapa ni dereva. Hupimiwa mafuta ya safari, na yakipungua hukatwa mshahara, hivyo hatuwezi kushangaa akikubali ushauri wowote wa kuokoa. Ila lori likinguruma kwenye foleni, ya bandarini, ya mizani ya Mariakani au ya Malaba, linateketeza kama lita 3 kwa saa. Saa 10 za foleni ni lita 30 ambazo dereva hakuziiba. Matajiri wanaokata mishahara wangehesabu kwanza saa hizo, pamoja na upepo wa matairi na uzito uliozidi.

Kwa sasa, kuna kipimo kisichohitaji kompyuta. Gari likisimama baada ya mwendo mrefu, dereva au taniboi azunguke trela na kusogeza mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Lile lenye joto kuliko wenzake ndilo la kupelekwa kwa fundi wa breki, na waya ubaki mahali pake.