SUMU YA PANYA HAINA MACHO

Liko neno tunalolisikia mara nyingi hapa Runingu na katika vijiji vya bonde la Ruzizi, hasa baada ya mavuno. Mtu akionywa asitupe ovyo sumu ya panya ghalani mwake, hujibu: "Mbona wataalamu wa nchi za mbali wanatumia sumu hiyo hiyo kuwaokoa ndege wa visiwani? Ikiwa huko inaokoa viumbe vya Mungu, kwa nini hapa iwe kosa?" Wasemao hivyo ni watu waliosoma kidogo, na neno lao lapendeza masikioni. Lakini ni nusu ya neno, na nusu ya kweli hupotosha kuliko uwongo mtupu. Hebu tuitazame nusu ya pili.

Kwanza tukubali lililo kweli. Panya si mwenyeji wa visiwa vya bahari. Aliletwa na meli, akajificha kati ya mizigo, akashuka pwani. Ndege wengi wa huko hutaga chini, tena hawakuzoea adui wa namna hiyo. Panya hula mayai, hula makinda, hata jamii nzima ya ndege ikakaribia kwisha. Ndipo watu wakaamua kuwamaliza panya wa kisiwa kizima. Hata huku kwetu Afrika ya Mashariki jambo hilo limefanyika: mwaka 1997 panya waliondolewa katika kisiwa kidogo cha Chumbe, karibu na Unguja. Nia hiyo hatuilaumu.

Lakini tujue sumu yenyewe hufanyaje kazi. Ile inayotumika sana visiwani huitwa brodifakumu, na nyingi zinazouzwa madukani ni ndugu zake. Huizuia vitamini K kufanya kazi mwilini, damu isigande tena, mnyama akavuja damu ndani kwa ndani. Wala haiui papo hapo. Panya aliyeila leo ataishi siku kadhaa, akitembea kwa kulegea, mchana kweupe, mpaka paka au mwewe amkamate bila taabu. Na sumu hiyo hukaa katika ini kwa majuma na miezi. Amlaye panya huyo amekula na sumu yake.

Sasa tuone mambo yaliyotokea. Katika Alaska, Marekani, kipo kisiwa kilichoitwa zamani Rat Island, yaani Kisiwa cha Panya. Mwaka 2008 sumu ilimwagwa huko kwa helikopta, na panya wakaisha kweli. Lakini mwaka uliofuata ilipatikana mizoga ya ndege zaidi ya 400, na kati yao tai 46 wenye vichwa vyeupe, ndege yule yule ambaye Wamarekani wamemfanya nembo ya taifa lao. Ilikuwaje? Shakwe walikula vipande vya sumu wakafa, na tai wakala mizoga ya shakwe, wakafa nao. Hakuna aliyekusudia kumwua tai hata mmoja.

Tena katika kisiwa cha Macquarie, mali ya Australia, kazi ilianza mwaka 2010 ikakatizwa na hali mbaya ya hewa. Sehemu ndogo tu ya kisiwa ilikuwa imetiwa sumu, lakini ndege zaidi ya 900 walikufa, wengi wao wale walao mizoga. Ndipo wakubwa wa kazi wakatafakari upya. Kabla ya kurudia mwaka 2011 waliwapunguza kwanza sungura kwa ugonjwa wao, ili mizoga yenye sumu iwe michache, wakaweka na watu wa kuitafuta mizoga na kuiondoa. Hata hivyo ndege wengi walikufa tena. Kisiwa kilitangazwa kuwa safi mwaka 2014.

Walio hodari zaidi walifanya kama Nuhu. Katika kisiwa cha Fregate, nchi ya Shelisheli, yupo ndege mweusi mwenye doa jeupe bawani, ambaye wakati mmoja alikuwa amebaki hapo peke yake duniani. Mwaka 2000, kabla ya kutia sumu, watu waliwakamata kwanza ndege hao wakawatunza katika vizimba mpaka hatari ipite. Ona basi: anayetaka kuleta gharika, budi atengeneze safina kwanza. Je, sisi tunaomwaga sumu penye kuku, paka na watoto, safina yetu iko wapi?

Kanisa lina mafundisho ya kale juu ya tendo lenye matokeo mawili, moja jema na moja baya. Kila aliyepita seminari ameyasikia. Tendo lenyewe lisiwe baya. Mtu asilikusudie lile baya. Jema lisipatikane kwa njia ya baya. Tena jema liwe na uzito wa kutosha kulinganishwa na baya linalovumiliwa. Tupime kwa mizani hiyo. Kule kisiwani sumu hutiwa mara moja au mbili, panya wa mwisho akafa, na bahari ikazuia wengine wasije. Ndege wakapata amani ya miaka mingi. Katika kile kisiwa cha Alaska ndege waliongezeka tena, na mwaka 2012 kisiwa kikarudishiwa jina lake la asili, Hawadax. Hasara ilikuwa kubwa, lakini faida nayo ilikuwa kubwa, tena ya kudumu.

Je, Runingu ni kisiwa? Bahari yetu iko wapi? Ukiwaua panya wa ghala lako leo, kesho watakuja wa jirani, na kesho kutwa watashuka wa shambani na wa vichakani. Panya jike hubeba mimba siku 22 hivi tu, akazaa watoto wengi kwa mara moja. Kwa hiyo sumu yetu haina mwisho: msimu huu, na msimu ujao, na mwaka ule mwingine. Twalipa bei ya kisiwa bila kukipata kisiwa. Hilo ndilo jibu letu kwa wale wanaotuletea habari za wataalamu.

Tena kuna uovu mwingine uliojificha. Watu wengi wa kwetu humchukia bundi, wakisema ni ndege wa wachawi. Akionekana amekufa chini ya mti, hufurahi. Wakristu, tuache ujinga huu! Bundi hana uchawi wowote. Ni mlinzi aliyewekwa na Mungu, azungukaye mashambani usiku akila panya bila kudai mshahara. Yeye huzaa polepole, panya huzaa upesi. Ukimwua bundi kwa panya mwenye sumu, umewafungulia mlango panya waliobaki.

Atasimama mwingine aseme: "Ninyi makatekista mwapenda ndege kuliko watoto wetu. Panya wanamaliza mahindi, mihogo na mpunga, hata ndagala zilizokaushwa. Tule nini?" Hapana, ndugu. Njaa ya watoto tunaijua, wala hatusemi panya aachwe. Tunasema auawe kwa akili. Kumbuka kuku anayedonoa sumu hubaki nayo ndani, na mayai yake pia. Huko New Zealand nguruwe wa mwituni walikutwa na sumu hii ndani ya maini, watu wakaonywa wasile. Hivyo anayewatetea ndege anatetea na chungu cha nyumba yake.

Basi, yafaa kufanya hivi. Ghala lisimame juu ya nguzo, na kila nguzo ivikwe bati laini ili panya ateleze. Majani na takataka vifyekwe kuzunguka nyumba. Paka atunzwe, mitego itegwe kila jioni. Kama sumu haikwepeki, isimwagwe sakafuni, bali iwekwe ndani ya sanduku lililofungwa, lenye tundu la kumtosha panya tu. Kila asubuhi mizoga iokotwe bila kuigusa kwa mkono mtupu, ifukiwe shimoni kwa kina. Isitupwe mtoni wala ziwani. Sumu isiwekwe kamwe katika kopo la chakula, na iliyobaki ifichwe mbali na watoto. Mtoto akiila, mama asingoje damu itoke, maana dalili huchelewa kwa siku. Ampeleke kwa mganga wa zahanati mara moja, pamoja na pakiti yenyewe, kwa kuwa kwa sumu za namna hii dawa ya vitamini K ipo, nayo husaidia ikitolewa mapema.

Mwaka 2015 marehemu Papa Fransisko aliandika barua yake Laudato Si' juu ya kutunza nyumba yetu sote, yaani dunia hii. Watu wengine hudhani maneno hayo ni ya viwanda vya Ulaya na moshi wake. La! Nyumba hiyo inaanzia kwenye ghala lako. Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama, lakini mamlaka ya msimamizi, na msimamizi ataulizwa hesabu. Hatutaulizwa tu kama tulimwua panya. Tutaulizwa na habari za bundi, paka wa jirani na kuku wa mjane. Sumu haina macho, haiwezi kuchagua. Sisi tuliopewa macho na Muumba, tutajibu nini?