Wakiongeza Timu, Sisi Tunaongezewa Nini?

Pointi mbili. Mechi tatu za makundi, ushindi hakuna, pointi mbili, na Taifa Stars ikavuka kwenda 16 bora ya AFCON kule Morocco. Nigeria ilitufunga 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, tukatoka 1-1 na Tunisia, kisha tarehe 4 Januari 2026 wenyeji wakatutoa kwa bao 1-0 la Brahim Díaz. Aliyeshangilia kwenye kibanda umiza cha Nkwenda au Omurushaka simlaumu hata kidogo, maana hatukuwahi kufika hatua hiyo. Ninalolikataa ni somo tulilolichota humo, lile linalohubiriwa kwenye vijiwe vya bodaboda pale Kayanga kwamba mmeona, timu zikiwa nyingi na sisi tunafika. Basi waongeze tena! AFCON ifike timu 32, Kombe la Dunia lifike 64 kama wanavyotaka wakubwa wa soka wa Amerika Kusini, na ipo siku jina la Tanzania litaitwa.

Halitaitwa kwa njia hiyo.

Najua imani hii ilikotoka, na asili yake ni ya heshima. Mwaka 1966 Afrika ilisusia Kombe la Dunia kwa sababu FIFA haikutupa hata nafasi moja ya moja kwa moja. Bingwa wetu alitakiwa agombanie tena na mabara mengine. Ule ulikuwa ugomvi wa haki, na 1970 nafasi ikapatikana, Morocco ikaenda Mexico. Lakini wale waliosusia walikuwa wanadai kilicho chao, wakiwa na timu za kukidai. Sisi tunaomba kiwango kishushwe mpaka kitufikie tulipokaa, halafu tunaita haki.

Tazama kilichotokea walipopanua. Kombe la Dunia la 2026 lina timu 48, na Afrika ikapewa nafasi tisa za moja kwa moja badala ya tano. Nani walizichukua? Morocco, Senegal, Misri, Algeria, Tunisia, Ghana, Ivory Coast, Afrika Kusini na Cape Verde. Wanane kati ya hao walikuwa wameshawahi kucheza Kombe la Dunia. Mgeni ni mmoja tu, Cape Verde, nchi ya visiwa ambayo watu wake hawafiki hata robo ya wakazi wa Mkoa wa Kagera, na iliongoza kundi lenye Cameroon. Kutoka ukanda wa Cecafa, kuanzia Sudan hadi kwetu, hakuna hata mmoja. Sisi tulikuwa kundi moja na Morocco, na hata Niger ilimaliza juu yetu.

Sasa twende nyuma kidogo, na hatuhitaji kwenda mbali na Kyerwa. Simama Murongo, tazama ng'ambo ya Mto Kagera. Ile nchi unayoiona ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978 kule Ghana, mashindano yakiwa na timu nane tu. Uganda iliitoa Nigeria nusu fainali, ikafungwa 2-0 na wenyeji kwenye fainali. Miezi michache baadaye Amin akavuka mpaka kuja kwetu na habari za mpira zikafunikwa na habari za vita, lakini jambo lilikuwa limeshafanyika. Ethiopia ilitwaa kombe hilo 1962 zikiwa timu nne. Sudan ilitwaa 1970 zikiwa nane.

Kisha wakaanza kupanua. Timu 12 mwaka 1992, timu 16 mwaka 1996, timu 24 mwaka 2019. Uganda, waliocheza fainali ya timu nane, hawakuonekana tena hadi 2017. Nafasi ziliongezeka mara mbili wakiwa nyumbani wanasikiliza redio. Na tangu upanuzi wa 1992, hakuna nchi ya Cecafa iliyofika nusu fainali. Hata moja. Sisi wenyewe tumeshacheza fainali hizo mara nne, 1980, 2019, ile ya 2023 iliyochezwa Januari 2024, na hii ya 2025. Mechi 13, sare tano, kupoteza nane. Hatujashinda mechi, ziwe timu nane au 24. Anayesema upanuzi unatukuza anionyeshe ulikotukuza.

Mkulima wa Karagwe anaelewa kwamba kujenga ghala jingine la chama cha msingi hakuongezi kahawa mtini. Kwenye mpira akili hiyo tunaiacha mlangoni.

Kilichowajenga Waganda wa 1978 kinajulikana, na kilikuwa karibu na nyumbani. Ni Kombe la Chalenji, mashindano ya mataifa ya Cecafa. Walilitwaa 1973, wakalitwaa 1976, wakarudia 1977, ndipo wakaenda Ghana. Tanzania ililitwaa 1974, na kizazi kilichokulia kwenye mechi hizo ndicho kilichokwenda Ndola 1979, Peter Tino akafunga, tukakata tiketi ya fainali za 1980 kule Lagos. Kila mwaka walikuwa wanakutana na jirani anayewajua, anayewachukia kidogo, anayetaka kuwaaibisha mbele ya mashabiki wao. Mashindano hayo asili yake ni Kombe la Gossage la 1926. Yanazidi umri Kombe la Dunia lenyewe, lililoanza 1930! Na leo yako wapi? Tangu Uganda ilipolitwaa Kampala mwaka 2019, Chalenji limelegalega. Mwaka 2021 lilichezwa na vijana wa chini ya miaka 23. Rais wa TFF, Wallace Karia, amewahi kuwa pia rais wa Cecafa, lakini sijasikia kijiwe kinachomuuliza Chalenji liko wapi. Tunauliza kama AFCON itaongezwa.

Na hiyo AFCON yenyewe, wanaotupigia ngoma ya upanuzi hawatuambii hesabu. Desemba 2025 Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alitangaza kwamba baada ya fainali za 2027 na za 2028, mashindano yatakuwa kila baada ya miaka minne. Timu 24 kila miaka miwili ni wastani wa nafasi 12 kwa mwaka. Timu 24 kila miaka minne ni nafasi sita. Wakiongeza mpaka 32 tutapata nane, ambazo ndizo zilezile za enzi za timu 16, enzi ambazo Tanzania haikufuzu hata mara moja. Huku wanaongeza mbele ya kamera, kule wanapunguza kwenye kalenda, nasi tunapiga makofi. Kijana wa miaka 17 pale Isingiro, timu yake ya taifa ikikosa kufuzu mara moja, atasubiri hadi awe na miaka 21.

Kuna upanuzi tuliufanya wenyewe, ila tumeusahau upesi. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu yetu ilikuwa na timu 20, ikaanza bila mdhamini mkuu, klabu zikahangaika na nauli za kuzunguka nchi nzima. Msimu uliofuata tena 20. Bingwa mara zote mbili alikuwa Simba. Halafu tukarudi 18, tukarudi 16, bila hata kuulizana tulipata nini. Kagera Sugar iliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25, niliyasikia maneno yaleyale: ingekuwa ligi ya timu 20, tungekuwa bado tuna mechi za Ligi Kuu Uwanja wa Kaitaba. Kweli, tungekuwa nazo. Tungekuwa na timu dhaifu inayofungwa na Yanga mbele ya macho yetu, na tungeita hiyo neema.

Wanaonufaika na upanuzi nawafahamu. Kombe la Dunia la 2026 lina mechi 104, nyingine zikianza saa 10 alfajiri kwa saa zetu, katikati ya msimu wa kahawa, vijana wakiwa na vijisenti mfukoni. Mwenye king'amuzi anafurahi. Mwenye kampuni ya kubeti anafurahi zaidi, maana mechi zikizidi na mikeka inazidi. Mchezaji wa Kyerwa hajaongezewa hata dakika moja uwanjani. Juu yake kuna ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo aione Ligi Kuu, na ngazi mbili za chini kabisa, zile ambazo yeye anaanzia, ndizo zisizo na hela. Mechi zake nyingi za maana ni za kugombea ng'ombe na jezi za mwanasiasa, na hizo nazo zina tabia ya kuchanua karibu na uchaguzi.

Mwaka 2027 tutakuwa wenyeji wa AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na tutaingia moja kwa moja, kwa sababu ya uenyeji. Sawa, tufurahi. Lakini Tanzania ina kura CAF na ina kura FIFA. Safari nyingine hoja ya kuongeza timu ikiletwa mezani, mjumbe wetu aipinge mpaka Chalenji la wakubwa lichezwe kila mwaka bila kukosa, na kituo kimojawapo kiwe Kaitaba. Na vyama vya soka vya Karagwe na Kyerwa visisubiri ruhusa ya mbali kupanga mechi za vijana dhidi ya wa Mbarara. Mbarara ni jirani kuliko Mwanza, nauli yake inachangika, na Waganda, kama nilivyowasikia Murongo, wana hamu kweli ya kutufunga.