FUTI MOJA YA NYUMBA NI SHILINGI NGAPI?

Ndugu zangu wa Kilwa na Lindi, kila mwaka ufuta ukishauzwa, na baadaye korosho, swali moja huzunguka barazani kutoka Somanga mpaka Mchinga: "Kujenga sasa hivi, futi moja ya mraba ni shilingi ngapi?" Aulizaye ana fedha ya mavuno mkononi, naye hataki iishie dukani kidogo kidogo. Anataka watoto wake walale chini ya bati. Hilo ni swali la mtu mwenye nia njema. Lakini jibu apewalo mara nyingi humharibia nyumba kabla hajachimba msingi.

Jibu hilo hutoka kwa jamaa aliyejenga Dar es Salaam, au kwa fundi atafutaye kazi. Hutaja tarakimu moja tu. Mtu huizidisha kwa futi zake, akaona fedha inatosha, akaanza. Piteni Masoko, Kivinje au Lindi mjini, mtaziona kuta zilizofika kwenye linta zikasimama hapo. Mpapai umeota sebuleni, na mbuzi wamejipatia chumba cha kulala. Wenye kuta hizo si wavivu wala si wapumbavu. Wameponzwa na hesabu.

Basi tuifanye hesabu wenyewe, maana hapana siri ndani yake. Chukua nyumba ya futi 30 kwa 20. Eneo lake ni futi za mraba 600. Kuta za nje, ukizunguka, ni futi 100. Za ndani za kugawa vyumba tuseme 50. Ukuta ukipanda futi 9 tunapata futi za mraba 1,350. Toa milango na madirisha kiasi cha 150, zabaki 1,200. Tofali 100 za inchi 18 kwa 9, zikijengwa, hufunika kama futi za mraba 120. Kwa hiyo unahitaji kama tofali 1,000, na nyingine za akiba kwa zitakazovunjika.

Sasa jirani yako naye anajenga futi 600, ila kiwanja chake ni chembamba, anajenga 60 kwa 10. Mzunguko wake ni futi 140. Hata kama kuta za ndani ni zile zile, ameongeza futi 40 za ukuta, yaani kama tofali 300, na msingi wa futi 40, na lipu ya nje na ya ndani. Futi za mraba ni 600 zako na 600 zake. Je, bei yaweza kuwa moja?

Tupande juu. Nyumba ile ya 30 kwa 20 ikitoa upenu wa futi 2 kila upande, paa lake hufunika 34 kwa 24, ambayo ni 816. Na kwa kuwa paa huinama ili maji yateremke, kwa mwinamo wa digrii 30 bati hupita futi za mraba 940. Aliyenunua bati za futi 600 zitamwishia zaidi ya theluthi ya paa ikiwa wazi, na masika hayamngoji.

Kisha kuna choo, jiko na mlango wa mbele. Nyumba ya vyumba viwili yataka choo kimoja, na ya vyumba sita yaweza kutosheka na hicho hicho kimoja. Ndiyo maana nyumba ndogo, ingawa jumla yake ni nafuu, futi yake huwa ghali zaidi. Anayechukua bei ya futi ya jumba kubwa akaipeleka kwenye kijumba chake amejidanganya tangu mwanzo.

Na mahali pana bei yake. Ndugu zetu wa Kilwa Kisiwani kila mfuko wa saruji hupakiwa chomboni, ukateremshwa ufukweni, ukachukuliwa begani. Mwezi Mei 2024, tufani Hidaya ilipoipiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam mpaka Lindi ilikatika sehemu za Kilwa, na kila mtu akajua kwamba bei ya dukani si bei ya mlangoni. Kadhalika mchanga wa ufukweni. Ni wa bure, lakini chumvi yake huila nondo ndani ya zege, na baada ya miaka nguzo hupasuka. Hiyo ndiyo futi rahisi ambayo mjukuu wako atailipia mara ya pili.

Wako watakaosema hesabu hizi ni za wasomi, sisi watu wa pwani hatukuzizoea. Siyakubali maneno hayo. Nani walioijenga Kilwa Kisiwani, msikiti wake mkubwa na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa? Waliojenga nyumba za mawe za pwani hii walijua kwamba upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, na ndiyo maana vyumba vyao vilikuwa vyembamba na virefu. Walianza na walicho nacho, ndipo wakachora. Wazee wetu walipima kwa shibiri na dhiraa. Nalo tofali la leo, inchi 18 kwa 9, ni dhiraa kwa shibiri! Vipimo ni vyetu. Tulichoacha ni kuhesabu.

Basi tufanye nini? Kwanza, asikubali mtu bei moja ya futi. Mwambie fundi akuandikie bei ya kila hatua mbali mbali: msingi, kuta mpaka linta, paa, na umaliziaji. Kisha jenga kile ambacho mavuno yako yatakifunika. Vyumba viwili vyenye paa ni nyumba, na vyumba sita visivyo na paa ni deni.

Pili, vijiji vyetu vimejenga madarasa na zahanati kwa mafundi wa hapa hapa na kamati zao. Hesabu zile, stakabadhi za saruji, mchanga, bati na ujira, ndizo bei ya kweli ya mahali petu. Kwa nini zilale kabatini? Zisomwe katika mkutano wa kijiji, na halmashauri zibandike bei za vifaa kila msimu mahali watu wanapopita. Atakayesema bei hubadilika nitamjibu: ndiyo sababu ya kuzibandika kila msimu. Fedha zile ni za wananchi, na elimu iliyomo ndani yake ni yao pia.

Tatu, wenye nia ya kujenga mwaka mmoja waungane kuagiza saruji na bati kwa lori moja. Nauli ya lori iliyogawanywa kwa watu kumi haimwumizi mtu. Kila mmoja akikodi peke yake, nauli humla mfuko wa mwisho wa saruji.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Msimu ujao ukiulizwa barazani futi moja ni shilingi ngapi, usitaje tarakimu. Muulize nawe: nyumba ya umbo gani, mahali gani, mpaka hatua ipi? Akishindwa kujibu, mpe kalamu na karatasi, mkae chini mhesabu pamoja kabla hajanunua tofali la kwanza.